UZI: Makumbusho ya sayansi si ya watoto peke yao, mpelekeni mzee. Siku moja na baba yangu California Academy of Sciences, San Francisco

#1 MwanaNahodha (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimekuwa nikiuahirisha tangu mzee wangu arudi Lamu, na kila nikiona mtu anauliza humu "niko San Francisco na wageni, niwapeleke wapi" naona nina deni. Leo nalilipa. Ni mrefu, wenye haraka mtanisamehe.

Naishi ng'ambo ya ghuba, upande wa Oakland. Academy nimekwenda mara nyingi, mara zote na watoto, na mara zote mwendo ni ule ule: tunakimbia kutoka tangi hili hadi lile, mmoja anataka choo, mwingine kaona papa kule mbele, tukitoka nje ukiniuliza nimeona nini sina la kukuambia. Nikaamini ndivyo palivyo, mahali pa watoto, kazi ya mzazi ni kubeba mabegi.

Kisha mzee akaja kututembelea. Amevua tangu ujana wake, na babake, babu yangu, alikuwa nahodha wa jahazi. Kwangu alikuwa anashinda kibarazani amejifunika blanketi, anaangalia magari. Nikamwambia, Baba, kesho tunakwenda kuona samaki.

"Wa kununua?"

"Wa kuangalia."

Hakusema kitu. Asubuhi nikamkuta kashavaa kanzu, kofia na lile koti langu zito, ananisubiri mlangoni.

Kwa wasiopajua: makumbusho haya yako ndani ya bustani kubwa ya Golden Gate Park. Taasisi ni ya mwaka 1853, lakini jengo la sasa lilifunguliwa Septemba 2008, kazi ya msanifu Renzo Piano wa Italia. Chini ya paa moja kuna vitu vinne ambavyo miji mingine imevitawanya: akwariamu, yaani Steinhart Aquarium, kuba la nyota, yaani Morrison Planetarium, msitu wa mvua ndani ya tufe la kioo, na kumbi za mifupa, mawe na wanyama waliokaushwa. Tulipanda basi namba 44 la Muni, yaani usafiri wa umma wa mji, linashusha karibu kabisa na mlango. Ukipenda treni, chukua N Judah, ushuke Irving na 9th Avenue, utembee kidogo kuingia bustanini.

Nilimpandisha kwanza juu kwenye paa, maana asubuhi watu wote wanakimbilia chini kwa samaki na juu hakuna msongamano. Paa lile limeoteshwa majani na maua ya asili ya California, ukubwa wake kama hekta moja, lina vilima saba. Viwili vikubwa ni mgongo wa kuba la nyota na mgongo wa msitu. Nikamsomea mzee kwamba mimea hiyo ilipandwa kwenye trei 50,000 zilizotengenezwa kwa makumbi ya nazi, zioze zenyewe taratibu mizizi ikishashikana.

"Makumbi?" akauliza. "Haya haya ya kusokotea kamba?"

Haya haya, Baba. Akacheka sana. Kuanzia hapo blanketi lilisahaulika.

Naendelea chini, nisimalize pumzi kwenye posti moja.

#2 MamaPacha

Nimekaa mkao wa kusoma. Mleta uzi usituachie njiani tafadhali.

#3 MwanaNahodha

Siwaachi.

Tukashuka akwariamu. Nilikuwa na mpango wa kumzungusha kote, kama nifanyavyo na watoto. Mpango ulivunjika kwenye kioo cha kwanza kikubwa.

Kuna tangi la matumbawe ya Ufilipino. Kina chake ni kama mita 7.6, maji yake karibu lita 800,000, na matumbawe yake ni hai, si plastiki. Ni miongoni mwa maonyesho ya matumbawe hai yenye kina kirefu zaidi duniani ndani ya jengo. Ukisimama juu unaliona kama unatazama kutoka kwenye mtumbwi. Ukishuka ghorofa ya chini unakuta kioo kipana, sasa uko chini ya maji, unainua macho na samaki wanapita juu ya kichwa chako.

Mzee akasimama pale chini. Akapima kwa macho. "Pima nne," akasema. Nikafanya hesabu kichwani, pima moja ni kama mita 1.8. Alikuwa amepatia.

Halafu akaanza kuwataja. Huyu kangaja. Yule mwenye pembe puju. Wale wanaojificha kwenye mauamaua ya bahari, wale hawaliwi, waache. Kila aliyepita karibu na kioo alipata jina, na wengine walipata na habari zao: anapenda kukaa wapi, anang'ata chambo vipi, nyama yake ikoje. Nikamwambia Baba, haya ni ya Ufilipino, si ya kwetu. Akanitazama kama nimesema jambo la kitoto. "Bahari ni moja."

Na kisayansi yuko sawa, wakuu. Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi wanabaiolojia wanazihesabu kama eneo moja kubwa la viumbe, kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya katikati ya Pasifiki. Samaki wengi wa miamba ya Ufilipino ndio hao hao wa miamba yetu, au ni ndugu zao wa karibu mno. Mimi nimesoma hadi chuo kikuu sikuwa nalijua hilo. Mzee alilijua kwa ndoana.

Saa ikafika ya mpiga mbizi kuingia tangini. Huyu huvaa barakoa yenye kipaza sauti, anaongea na watu akiwa ndani ya maji, na nje kuna mfanyakazi anayepokea maswali. Watoto waliuliza papa anakula nini. Mzee akanivuta mkono: "Muulize. Humu ndani hakuna kupwa wala kujaa, hakuna bamvua wala maji mafu. Matumbawe yanajuaje mwezi?"

Nikatafsiri. Yule dada aliyepokea swali alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mzee, si mimi, akamjibu yeye. Akaeleza kwamba matumbawe mengi hutaga kwa pamoja usiku fulani baada ya mwezi mpevu, majira fulani ya mwaka, na kwamba nyuma ya pazia wana maabara ambamo taa zinaigiza kuchwa kwa jua, mwanga wa mwezi unavyokua na kufifia, na joto la maji linavyobadilika kwa msimu, ili matumbawe yasipoteze hesabu. Ukikosea mwezi, hayatagi.

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Basi wanawadanganya kwa taa," akaniambia, na alisema kwa heshima kubwa, kama fundi anayemsifu fundi.

Tulikaa kioo kile zaidi ya saa nzima. Sijawahi kukaa kioo kimoja saa nzima maishani mwangu.

#4 Mwanaziwa

Mkuu uzi mtamu. Nami nimewahi kufika pale, ila mimi wa maji baridi. Kuna samaki mmoja mzee sana wanamwita Methuselah, nilipomuona nikasema huyu si kamongo huyu? Wenyeji wa Ziwa Victoria mtanielewa.

#5 MwanaNahodha

@Mwanaziwa umenikumbusha jambo nililotaka kuliruka. Ndiyo, ukoo wake ni mmoja na kamongo, samaki wenye mapafu. Ila Methuselah ni wa Queensland, Australia. Aliletwa San Francisco kwa meli mwaka 1938, na yuko kwenye akwariamu hiyo tangu wakati huo. Mwaka 2023 watafiti walipima umri wake kwa DNA kutoka kipande kidogo cha pezi, wakakadiria miaka 92, na kipimo chenyewe kinaruhusu awe amepita hata 100. Ana urefu wa kama mita 1.2. Wanaomtunza wanasema anapenda kusuguliwa mgongo na tumbo, na anapenda tini.

Mzee alipoambiwa umri wa yule samaki alimwamkia. "Shikamoo," kabisa, kwa sauti. Mtoto mmoja wa Kimarekani aliyesimama jirani akarudia neno lile bila kujua maana yake.

#6 Mwanaziwa

Hahaha mzee wako nampenda bure. Tofauti nyingine kwa faida ya wasomaji: kamongo wetu ana mapafu mawili, ziwa likikauka anajichimbia kwenye matope, anajifunika kwa ute wake na kulala humo hadi mvua irudi. Huyo wa Australia ana pafu moja tu na hawezi mchezo huo, maji yakiisha naye kaisha. Kwa hiyo anategemea mto usikauke. Ndugu ni ndugu lakini tabia mbali.

#7 MamaPacha

Mimi nina wawili wa miaka mitano. Nieleze kwa mtu mwenye watoto wadogo, nianzie wapi? Na yule mamba mweupe bado yupo? Niliona picha zake.

#8 MwanaNahodha

@MamaPacha pole, Claude hayupo tena. Alifariki Desemba 2025, akiwa na miaka 30. Alikuwa mamba wa Marekani mwenye ualbino, alizaliwa Louisiana mwaka 1995 na aliishi pale tangu jengo lifunguliwe 2008. Wanangu walimuona. Alikuwa anatulia juu ya jiwe lake lenye joto hadi watoto wanabishana kama ni sanamu. Macho yake hayakuwa mazuri kwa sababu ya ualbino, na mwanzoni waliwahi kumwekea mwenzake wa kike wa rangi ya kawaida, akamng'ata kidole cha mguu hadi kikakatwa, wakatenganishwa. Binti yangu alilia nilipomwambia kafariki. Waambie mapema wasije wakamtafuta.

Kwa wa miaka mitano ningefanya hivi. Jumatatu hadi Jumamosi wanafungua saa tatu na nusu asubuhi, Jumapili saa tano, kufunga saa kumi na moja jioni. Asubuhi za siku za shule kuna mabasi ya wanafunzi, kuanzia saa nane mchana panapumua. Tiketi nunua mapema kwenye tovuti yao, bei inabadilika kulingana na siku, na mwenye kadi ya EBT, ile ya msaada wa chakula wa serikali, anapata punguzo kubwa kupitia mpango wa Museums for All. Watoto watapenda lile bwawa la kugusa, wanaingiza mikono na kushika viti vya pweza na fukufuku. Watapenda ziwa dogo la samaki aina ya taa na papa wadogo. Na watapenda msitu, ila huo una adabu zake.

Msitu uko ndani ya tufe la kioo lenye kipenyo cha kama mita 27, ghorofa nne, unapanda kwa njia inayozunguka taratibu. Ndani ni joto na unyevunyevu, ndege na vipepeo wanaruka huru. Makoti vueni kabla, maana San Francisco nje ni ukungu na baridi na mle ndani ni Tanga mwezi wa Februari. Mkitoka mnakaguliwa nguo mnazovaa, kipepeo asije akatoka amepanda begani. Juu kabisa kuna lifti inayowateremsha hadi chini ya maji ya Amazoni, kwenye handaki la kioo, mnapita samaki wakubwa kama mitumbwi wakiwa juu ya vichwa vyenu. Wenye magoti mabaya wapande kwa lifti, njia ile ya kuzunguka si fupi.

Ila kwa watoto wadogo kuba la nyota angalieni ratiba, kuna maonyesho yanayowafaa na yasiyowafaa. Mlango ukishafungwa haufunguliwi kwa aliyechelewa, na viti ni karibu 290 tu.

#9 JiweLaPwani

Mimi nitasema ukweli na mleta uzi asikasirike. Samaki tumewaona wakiwa hai na tumewala. Kulipa dola zote hizo kuangalia kangaja nyuma ya kioo sioni mantiki. Halafu kuna ule ukumbi wa Afrika, simba wetu, swala wetu, wamepigwa risasi wakaletwa kujazwa pamba, watu wanapiga picha. Hilo halikukuchoma?

#10 MwanaNahodha

@JiweLaPwani siwezi kukasirika kwa swali hilo, ni halali kabisa, na mimi niliingia ukumbi ule nimeshikilia moyo.

Ukumbi wa Afrika ulifunguliwa mwaka 1934. Wanyama wengi waliletwa na tajiri mmoja wa migodi, Leslie Simson, aliyekuja Afrika kuwinda. Wamepangwa nyuma ya vioo na mandhari zilizochorwa kwa mkono. Nilimwangalia mzee usoni, nikitegemea hasira. Akatembea kioo hadi kioo mikono nyuma. Mbele ya swala akasimama, akasema: "Macho yamewekwa vizuri. Lakini hawanuki." Hakuongeza neno. Tukaondoka. Mimi nalichukua hilo kama hukumu yake na sijaona nzuri kuliko hiyo.

Mwisho wa ukumbi huo huo kuna pengwini wa Afrika, hao wako hai, wanaogelea. Ni wa Afrika Kusini na Namibia, na mwaka 2024 waliingizwa kwenye kundi la viumbe walio kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wamebaki chini ya jozi 10,000 zinazozaa porini. Ukitoka kwa simba aliyekaushwa ukakuta pengwini anakurushia maji, na ukajua kwamba huyu naye anaweza kuishia nyuma ya kioo kama yule, swali lako linakuwa zito zaidi, halipungui.

Kuhusu pesa. Unacholipia si kumuona kangaja. Unalipia kumuona kangaja asiyekimbia. Mzee wangu kavua samaki miaka zaidi ya hamsini, aliniambia mwenyewe siku ile kwamba hajawahi kuona puju anavyopumzika. Anamjua akiwa kwenye wavu, akiwa ndoanani, akiwa sokoni. Ametulia hajamuona.

#11 NyandaZaJuu

Naingilia kama mtu wa mimea na misitu. @JiweLaPwani nakubaliana na uchungu wako, ila usidhani taasisi ile ni ukumbi ule tu. Vielelezo vyake ni karibu milioni 46, sehemu kubwa wageni hawavioni. Na kuna kazi mbili zinazotuhusu moja kwa moja.

Ya kwanza ni sengi wa Udzungwa, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga. Mwaka 2005 kamera iliyotegwa kwenye msitu wa milima ya Udzungwa, Tanzania, ilimnasa sengi mkubwa asiyejulikana, uso wa kijivu, makalio meusi, uzito wa kama gramu 700. Akatangazwa rasmi mwaka 2008. Mmoja wa waliomwandika kisayansi alikuwa Galen Rathbun wa Academy hiyo hiyo, na jina sengi analotumia ulimwengu wa sayansi leo limetoka kwenye lugha zetu za Kibantu.

Ya pili ni samaki. Mwaka 2019 walitangaza samaki mpya wa rangi ya zambarau kutoka miamba ya Zanzibar, kina cha zaidi ya mita 50, mahali ambapo mzamiaji wa kawaida hafiki. Jina lake la kisayansi ni Cirrhilabrus wakanda. Miongoni mwa waliomtaja ni Luiz Rocha na Bart Shepherd, wote wa pale pale.

Sasa fikiria mzee wa mleta uzi angemuona huyo. Na mita 50 za Zanzibar hata yeye na nyavu zake hazijui.

#12 MwanaNahodha

@NyandaZaJuu Mungu akuweke. Nilimwambia mzee kuhusu samaki huyo baadaye kwa simu. Akauliza "analiwa?"

#13 NyandaZaJuu

Swali la kitaalamu kabisa hilo.

Acha niongeze kisa kimoja ambacho kwa sisi wa mimea ni kama kisa cha shujaa. Tetemeko la Aprili 18, 1906 lilipopiga San Francisco, Academy ilikuwa Market Street katikati ya mji. Mkuu wa mimea alikuwa Alice Eastwood. Asubuhi ile moto unakuja, ngazi za jengo zimevunjika, akapanda hadi ghorofa ya sita kwa kushikilia vyuma vya pembeni mwa ngazi. Kabla ya hapo alikuwa amefanya jambo ambalo halikuwa desturi: vile vielelezo vya kwanza kabisa, ambavyo jina la kila mmea limefungwa kwavyo, alivitenga kwenye kabati lao peke yao. Kwa hiyo alijua pa kwenda. Akavifunga mafungu mafungu, akaviteremsha kwa kamba hadi barabarani. Karibu vielelezo 1,500 vilipona. Vitu vyake mwenyewe viliteketea.

Tetemeko la pili, la Oktoba 17, 1989, ndilo lililoharibu majengo ya zamani ya bustanini hadi ikaamuliwa kujenga hili la sasa.

#14 MwanaNahodha

Na yote mawili unaweza kuyaonja pale, kuna chumba kinachotikisika kama sebule ya zamani, wanakutikisa kwa tetemeko la 1989 kisha la 1906. Mzee alishika chuma kwa mikono miwili, akasema ni kama kashkazi likikukuta mdomoni mwa mkondo. Alitaka kurudia. Tulirudia.

#15 DadaFizikia

Nimesoma hadi hapa hakuna aliyetaja pendula! Ile timazi kubwa inayoning'inia na kuangusha vijiti. Jamani.

Ngoja niwaeleze kwa nini ni muhimu kwetu hasa. Foucault alionyesha Paris mwaka 1851 kwamba ukining'iniza uzito kwa waya mrefu ukauacha ubembee, mstari wa bembea unaonekana kugeuka kidogo kidogo. Anayegeuka ni Dunia chini yake. San Francisco, mzunguko mzima unachukua kama saa 39. Kwenye ncha ya dunia ingekuwa siku moja. Sasa sogea kuja kwetu: kadiri unavyokaribia Ikweta ndivyo unavyochelewa. Lamu, nyuzi mbili na kitu kusini, mzunguko ungechukua karibu siku 25, tena kwa upande wa kinyume. Kwenye Ikweta yenyewe haugeuki kabisa, utabembea mstari ule ule hadi uchoke. Niliposimama pale nikaona kijiti kinaanguka, "tak", nilihisi sakafu inasogea. Ndiyo ilikuwa inasogea.

#16 MwanaNahodha

@DadaFizikia siku ile sikukujua, ningekupigia simu. Mzee aliuliza kwa nini haliangushi vijiti kwa mpangilio wa saa moja moja, nikababaisha. Sasa nina jibu la kumpelekea.

Nimefika kwenye kuba, na ndiyo sababu hasa ya uzi huu.

Morrison Planetarium ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1952. Baada ya Vita vya Pili viwanda vya Ujerumani vilivyokuwa vikitengeneza mashine za nyota vilikuwa vimevurugika, na mafundi wa Academy, ambao wakati wa vita walikuwa wakitengeneza vifaa vya lenzi vya jeshi la majini, wakaamua kuichonga yao wenyewe. Matundu ya nyota waliyapata kwa kupanga chembe ndogo ngumu juu ya vioo, kupaka alumini, kisha kuzifagia chembe. Pale chembe ilipokuwa pakabaki tundu lisilo duara kamili, na nyota ikaonekana kama nyota, si kama nukta. Siku hizi hakuna mashine ile, ni projekta za kidijitali. Kuba lina kipenyo cha kama mita 23 na limeinamishwa nyuzi 30, kwa hiyo hutazami juu tu, anga inakujia usoni. Wenye kizunguzungu kaeni safu za nyuma, katikati, na ikizidi fumbeni macho kidogo. Kwa wazee, ngazi za mle zina mteremko mkali, ombeni kukaa karibu na mlango.

Onyesho letu lilikuwa na mtangazaji aliyepo pale pale, anaongea na kuendesha. Akazima taa. Kwanza anga ya San Francisco ya jioni. Kisha akaondoa taa za mji, nyota zikamwagika. Akaonyesha kikundi kidogo cha nyota, hajakitaja jina, mzee kashakitaja: "Kilimia." Na pale gizani nikamsikia anasema polepole maneno ambayo sijayasikia tangu nikiwa mtoto, kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Halafu yule mtangazaji akachora mstari kuelekea nyota moja ya upande wa kaskazini, akasema hii haitembei, nyingine zote zinaizunguka.

Mzee alikaa wima. Aliuliza kwa mnong'ono: "Hii ndiyo jaha?"

Wakuu, nyota ya jaha kwetu ni jina. Babu yangu alikwenda nayo Uarabuni na kurudi. Manahodha wa Bahari ya Hindi walipima urefu wake kutoka upeo wa bahari kwa vidole, wakajua wamefika wapi. Lakini Lamu iko kusini ya Ikweta. Nyota ile haichomozi kwetu, hata kidogo. Baba yangu kavua pwani maisha yake yote bila kwenda kaskazini, kalisikia jina tangu utotoni, na hajawahi kuiona. Ana miaka 74.

Nikamwambia ndiyo, Baba, ndiyo jaha.

Hakuongea tena hadi taa zilipowaka. Akafuta macho kwa upindo wa kanzu.

#17 MamaPacha

Nimelia kazini. Haki ya Mungu.

#18 JiweLaPwani

Mkuu, lile swali langu la pesa nimelifuta moyoni. La ukumbi wa simba nimelibakiza.

#19 MwanaNahodha

@JiweLaPwani libakize, hata mimi ninalo.

#20 DadaFizikia

Mlipotoka aliiona ya kweli? San Francisco ukungu ule!

#21 MwanaNahodha

Usiku ule hapana, ukungu ulifunika hadi juu ya nyumba. Usiku wa nne ndipo anga ilipofunguka. Nikamtoa uani, nikazima taa zote za nyumba na kumwomba jirani azime ya kwake. Nikamwelekeza. Akaitazama muda mrefu kisha akanyoosha mkono, akakunja ngumi, akaanza kupima kutoka juu ya paa la jirani: moja, mbili, tatu, karibu nne. Kila ngumi ni kama nyuzi kumi, na San Francisco iko karibu nyuzi 38 kaskazini. Alikuwa hajaambiwa na mtu.

Kwa anayetaka kwenda na mzee wake, nitajibu maswali humu. Ushauri wangu ni mdogo: chagueni vioo vitatu tu, msimkimbize, muacheni aulize yeye, ninyi mtafsiri. Viti vya kupumzika vipo, na muanzie paa.

#22 Mwanaziwa

Mzee yuko salama huko Lamu? Msalimie.

#23 MwanaNahodha

Yuko salama, Alhamdulillahi. Dada yangu kanipigia juzi. Anasema usiku anawapandisha wajukuu juu darini, anawasimamisha waelekee kaskazini, anawaonyesha kidole kwenye giza, chini kidogo ya pale anga inapokutana na miti. Upana wa kidole gumba, anawaambia. Iko hapo hapo, imejificha nyuma.

Wadogo wanainama kuchungulia.